Nyuzi za Alfajiri

Maktaba ya programu inayoomba nyakati za sala kutoka huduma ya data ya Aladhan hupewa mahali, tarehe na mbinu ya hesabu. Hapo kwenye mbinu ndipo fikihi ilipojificha. Kurani hutambulisha alfajiri kwa uzi mweupe na uzi mweusi. Kompyuta hutaka nyuzi za namna nyingine. Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu, ya Makka, huihesabu alfajiri jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo, mbinu ya Misri 19.5, ya Amerika Kaskazini 15. Mombasa, kutoka 19.5 hadi 15 ni kama dakika 18: muda wa kutosha kumaliza daku, au kuiharibu saumu.

Kigezo cha madhehebu huamua Alasiri. Kikiachwa wazi, huchukuliwa kivuli kilicholingana na kitu, kama wasemavyo Mashafii. Mhanafi husubiri kivuli mara mbili. Je, chaguo-msingi ni fatwa? Aliyeandika msimbo hakukusudia kutoa fatwa, lakini kunyamaza kwake kumeshachagua. Taklidi, yaani kufuata kauli ya mwanachuoni, inaruhusiwa kwa asiye mwanachuoni, ila humtaka mtu amjue anayemfuata, na mwenye simu mara nyingi hamjui.

Ugumu huzidi kaskazini. London, mwezi Juni, jua halifiki nyuzi 18 chini usiku kucha. Maktaba huweza kuelekezwa, kwa mfano, igawe usiku nusu kwa nusu, au ichukue sehemu moja ya saba. Hapo alama ya nyuzi 18 haipo angani, na wakati hutokana na ijtihadi, yaani juhudi ya wanachuoni, peke yake.