Mimbari na Sanduku la Kura

Kila mwaka wa uchaguzi swali hili huturudia: je, ni halali kanisa kuwaambia washirika wake wampigie nani kura? Kabla ya kujibu, tuwatazame ndugu zetu wa Marekani, ambao walilijaribu jambo hili kwa nguvu zao zote.

Mwaka 1979 Mchungaji Jerry Falwell, Mbaptisti wa Lynchburg, Virginia, alishiriki kuanzisha kundi la ushawishi lililoitwa Moral Majority, yaani Wengi Wenye Maadili. Tusiwadharau, maana walikuwa na uchungu wa kweli. Mahakama ya Juu ya nchi yao ilikuwa imehalalisha utoaji mimba mwaka 1973. Basi wakawahimiza waumini wajiandikishe, wakamuunga mkono Ronald Reagan mwaka 1980, naye akashinda. Aliyeshindwa, Jimmy Carter, alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, na Mbaptisti kama Falwell mwenyewe.

Kundi hilo lilivunjwa mwaka 1989. Mwaka huohuo Pat Robertson alianzisha jingine, Christian Coalition, lililogawa mamilioni ya karatasi za mwongozo kwa wapiga kura, nyingi zikipitia makanisani siku chache kabla ya uchaguzi. Karatasi ilionyesha msimamo wa kila mgombea katika mambo machache. Utoaji mimba ulikuwamo, lakini kodi ya mapato nayo ilikuwamo. Hapa ndipo tunaposita. Tunaweza kumwonyesha muumini mahali Maandiko yanapotetea uhai. Lakini ni wapi yanapopanga kiwango cha kodi? Anayechagua mambo ya kuandikwa kwenye karatasi ile ndiye anayeamua dhambi ipi ikumbukwe na ipi isahauliwe. Na muumini aliyeipokea mlangoni mwa kanisa aliiona kama neno la kanisa.

Basi kanisa linyamaze? La. Mwaka 1965, wachungaji walipoandamana na Martin Luther King kudai haki za watu weusi, Falwell huyohuyo alihubiri kwamba wahubiri hawakuitwa kuwa wanasiasa. Baadaye aliyakana maneno hayo, na alifanya vema, kwa kuwa aliyenyamaza mbele ya dhuluma amekwisha kuchagua upande. Kanisa lina wajibu wa kusema juu ya rushwa, juu ya damu inayomwagwa, juu ya maskini anayenyang'anywa shamba lake. Lakini kukemea uovu ni jambo moja, na kumkabidhi mtu kundi la Bwana ni jambo jingine. Uovu hubaki uovu hata akiufanya nani. Mgombea uliyemkabidhi kundi akikosea kesho, utamkemea kwa kinywa gani?

Wengine waliokuwa ndani waliliona hilo. Mwaka 1999 Cal Thomas, aliyekuwa makamu wa rais wa Moral Majority, na Mchungaji Ed Dobson, aliyekuwa msaidizi wa Falwell, walitoa kitabu wakikiri kwamba tamaa ya madaraka iliwapofusha.

Sisi tusiwanyoshee kidole. Kwetu mgombea hahitaji hata karatasi. Huja na bahasha ya mabati ya paa la kanisa, hupewa kiti cha mbele, kisha kipaza sauti. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana la Kenya alitangaza kwamba wanasiasa wanakaribishwa kuabudu kama watu wengine, lakini hawatapewa mimbari. Agizo hilo ni gumu kulishika paa linapovuja. Hata hivyo paa linaweza kungoja mavuno mengine, lakini mimbari ikishauzwa hairudi kwa bei ileile.

Tukumbuke waliokaa mezani pa Bwana. Mathayo aliwahi kuwakusanyia watawala ushuru. Simoni aliitwa Zelote, jina la watu wasioutaka utawala wa Rumi. Yesu aliwaita wote wawili, akawapa mkate mmoja. Katika usharika wetu yumo mama aliyempigia kura mgombea tusiyempenda. Jumapili baada ya matokeo atakuja kushiriki Meza. Ikiwa tumeihubiri kura yetu kama amri ya Mungu, atakaa wapi? Mgombea wetu atatawala miaka yake mitano, kisha ataondoka. Mama huyu ni dada yetu milele.