Dawa au Sumu? Nadharia na Macho Tunayotazamia Dunia

 

Ndugu zangu katika imani, darasani neno nadharia hutujia kama jambo la mtihani: nadharia ya fulani, ya mwaka fulani, ikariri, ijibu, kisha isahau. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba nadharia inaweza kuwa jambo la uhai na mauti. Mfano nautoa kwetu, pwani ya kaskazini ya Msumbiji.

Kwa Kireno, lugha ya serikali, kipindupindu huitwa cólera, na dawa ya kusafishia maji huitwa cloro. Masikioni mwa Mmwani wa Palma au Mocímboa da Praia, au Mmakua wa kusini zaidi, maneno haya yanakaribiana mno. Mvua zikinyesha, uchafu huingia visimani, ugonjwa huanza, na wahudumu wa afya hufika na kloro. Mwanakijiji humwona mgeni akimimina kitu kisimani, na siku chache baadaye anazika jirani yake. Wapo wanaohitimisha kwamba kloro ndiyo kolera yenyewe, na kwamba wakubwa wameamua kuwamaliza maskini. Mtu ni yuleyule, chupa ni ileile, kisima ni kilekile. Mwenye nadharia ya vijidudu anaona dawa. Mwenye nadharia ya njama anaona sumu.

Mwanasosholojia Carlos Serra wa Maputo aliandika kitabu kizima, Cólera e Catarse, kilichotoka mwaka 2003, juu ya imani hii katika pwani ya Nampula kati ya 1998 na 2002. Haikuishia hapo. Machi 2009, katika mkoa huohuo, watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliuawa, na watu zaidi ya kumi waliokamatwa kwa ghasia hizo walikufa kwa msongamano katika mahabusu ya Mogincual. Tarehe 7 Aprili 2024, chombo kilichotoka Lunga kwenda Kisiwa cha Msumbiji kilizama na watu karibu 100 wakafa. Viongozi wa mkoa walieleza kuwa wengi walikuwa wakikimbia kwa sababu ya habari za uongo kuhusu kipindupindu.

Tusicheke haraka

Msomi akisikia haya hucheka. Lakini historia ya sayansi haimruhusu. Katikati ya karne ya 19, wakubwa wa afya wa London waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa chafu yenye harufu mbaya. Kwa nadharia hiyo walihimiza vinyesi viondolewe majumbani na kusukumwa mpaka mto Thames, mto ambao watu wengi walikunywa maji yake. Walikuwa wasomi na nia yao ilikuwa njema, lakini nadharia yao iliua. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba vifo vya mtaa mmoja vilizunguka pampu moja ya maji, na wengi hawakumkubali. Mwaka huohuo Filippo Pacini wa Florence alikiona kijidudu chenyewe kwa hadubini. Dunia ya tiba haikumjali mpaka Robert Koch alipokitambua miaka 30 hivi baadaye. Jicho lilikuwa limeona, lakini nadharia ya kulipokea lililoonwa haikuwa imekubalika.

Kumbe ushahidi hausemi peke yake. Hata neno lenyewe linatukumbusha: nadharia limetokana na Kiarabu nadhar, yaani kutazama.

Nafsi na dhana yake

Wanasaikolojia wameonyesha jinsi nafsi inavyoilinda dhana yake. Mwaka 1960 Peter Wason aliwapa wanafunzi namba 2, 4, 6 na kuwataka wagundue kanuni iliyozipanga, kwa kujaribu namba nyingine tatutatu. Wengi walijaribu zile zilizokubaliana na dhana yao, kama 8, 10, 12. Wachache walitafuta namba za kuivunja. Kanuni ilikuwa nyepesi tu: namba zinazopanda. Ndivyo ilivyo kisimani. Mgonjwa akifa, ni ushahidi wa sumu. Akipona, ni kwa kuwa hakuyanywa maji yale.

Na nadharia ya njama ina chakula chake. Kaskazini yetu gesi iligunduliwa baharini mwaka 2010, na watu wa Quitupo wakahamishwa kwenda Quitunda kupisha mradi. Oktoba 2017 vita ilianza Mocímboa da Praia, na mwaka 2020 kipindupindu kiliwakuta watu ambao tayari walikuwa wamepoteza nyumba na mashamba. Aliyezoea kuona wageni wakija kuchukua, itamwia vigumu kuamini kwamba huyu mmoja amekuja kutoa. Kilio chake kina ukweli. Lakini ukweli wa kilio hauithibitishi sumu, na hauihalalishi damu ya mhudumu asiye na hatia.

Vyombo tulivyorithi

Sisi wa masomo ya Kiislamu tunavyo vyombo vya kupimia nadharia. Wanazuoni wa usul wameugawa ujuzi kwa daraja: yakini, dhana, shaka na wahmi. Swali la kwanza basi ni hili: jambo hili nimelishika kwa daraja ipi? Mengi tunayoyaapia barazani hayajavuka dhana.

Kisha wametufundisha kuitafuta illa, yaani sababu ya hukumu. Ukitaka kujua kwa nini khamri ni haramu, unaorodhesha sifa zake zote, rangi, harufu, zabibu, kulevya, halafu unaondoa moja moja isiyofaa. Hiyo ndiyo sabr na taqsim. Unatazama pia kama hukumu inazunguka na sababu: maji ya zabibu yakilevya ni haramu, yakigeuka siki ni halali. Kwa hiyo illa ni kulevya.

Tupime kisima kwa kipimo hichohicho. Je, kipindupindu kimewahi kuingia mahali ambako kloro haikutiwa? Ndiyo, mara nyingi, na ndicho kinachowafanya wahudumu waje. Je, pako mahali maji yametiwa kloro miaka yote na watu hawaugui? Mijini ni jambo la kila siku. Basi kloro si illa. Kuandamana kwa mambo mawili peke yake hakutoshi: adhana ya alfajiri hulitangulia jua, na hakuna anayesema muadhini ndiye anayelichomoza.

Na kadari je?

Wengine watasema: ugonjwa ni kadari ya Allah, vijidudu vya nini? Hapa maswali mawili yamechanganywa. Sayansi inaeleza ugonjwa umepita njia gani. Imani inaeleza uko mikononi mwa nani na tusimame vipi mbele yake. Sayyidna Umar (r.a.), alipopata habari za tauni ya Sham, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, alimjibu kwa maana kwamba wanatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari Yake. Ndipo Abdurrahman bin Awf (r.a.) akaleta hadithi ya Mtume (s.a.w.): msiingie penye tauni, wala msitoke mlipo kwa kuikimbia.

Suratul Hujurat, katika aya ya 6, imetuamrisha tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, na katika aya ya 12 tujiepushe na dhana nyingi. Amri hizi zinamhusu mwanakijiji, na zinamhusu pia msomi anayemdhania kuwa mjinga.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayerudi nyumbani likizo, kipeperushi cha Kireno hakitabadilisha macho ya mtu. Kaa na imamu na wazee kabla chupa haijafunguliwa. Eleza kwa Kimwani, kwa Kimakua, kwa Kimakonde. Yasikilize malalamiko yao bila kuyakatiza. Kisha teka maji yaliyotiwa dawa, unywe wewe kwanza mbele yao.

Allah atupe macho ya kuona, na ujasiri wa kuyapima macho hayo. Amin. Wallahu a'lam.