Nilipitiwa

Neno tutakalolitazama mwezi huu ni dogo, nalo latumika kila siku majumbani mwetu. Mama aliyeacha maharagwe motoni yakaungua, akiulizwa, hujibu: "Nilipitiwa na usingizi." Mtoto aliyetumwa dukani akarudi bila chumvi, husema: "Nilipitiwa." Na mtu mzima aliyeingia nyumba isiyo yake, akiletwa mbele ya wazee, huinamisha kichwa naye akasema vilevile. Wa kwanza asema juu ya usingizi, wa pili juu ya kusahau, wa tatu juu ya dhambi. Neno ni moja.

Tena tuangalie lilivyoundwa. Alalaye amelala mwenyewe, na asinziaye husinzia mwenyewe. Bali apitiwaye hakutenda lolote. Usingizi ndio uliopita, naye alikuwa njiani tu, kama nyasi zipitiwazo na upepo. Nadhani ndiyo sababu twalipenda sana neno hili, maana udhuru umo ndani yake tangu mwanzo. Je, udhuru huo ni wa kweli?

Swali hili lilitufikia hapa Hasamba wakati wa mavuno ya kahawa. Kijana mmoja aliwekwa kulinda kahawa usiku. Karibu na alfajiri wevi wakaja, wakachukua magunia mawili. Kijana hakukana. Alisema, "Nilipitiwa kidogo tu." Wenye mali walitaka alipe yote. Sisi tulikuwa miongoni mwa walioitwa kuamua, na twakiri kwamba tulikubaliana nao upesi mno, maana tuliona ya kuwa mlinzi aliyelala ni sawa na asiyekuwapo. Wengine wakamtetea, wakisema mtu hawezi kuhukumiwa kwa jambo lililompata akiwa hana fahamu.

Wote walishika upande mmoja tu wa jambo. Ni kweli kwamba dakika ile ya kupitiwa mtu hana hiari. Lakini usingizi hauji kama radi. Hupiga hodi kwanza: miayo, macho mazito, kichwa kushuka na kuinuka. Huko Uingereza mwaka 1945 lilikuwako shauri la mtu aliyekuwa akirudi nyumbani kwa motokaa baada ya kazi ya usiku kiwandani. Usingizi ulimshika, akawagonga askari waliokuwa wakienda kwa miguu barabarani. Mahakimu wa kwanza walimwachilia. Mahakama ya juu ikasema ana hatia, si kwa kulala, bali kwa kuendelea kuendesha ilhali alijua usingizi unamjia. Hata wale wanawali kumi wa mfano, wenye busara na wapumbavu, walisinzia wote. Msomaji afunue Mathayo 25 aone. Tofauti yao ilikuwa mafuta, nayo yalitiwa chomboni walipokuwa macho.

Na yule wa tatu, aliyeingia nyumba ya mwenziwe, twamwuliza hivi: je, alifika mlangoni akiwa amelala? Alikwenda kwa miguu yake.

Lile neno "kidogo" nalo tulipime. Wakaao kando ya barabara kuu ipitayo Vwawa kwenda Tunduma wayajua malori yatokayo Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilometa 900. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akipitiwa kwa sekunde 4 tu, gari lake limekwenda karibu mita 90 bila mtu. Mama wa maharagwe alipitiwa nusu saa, akapoteza chakula cha jioni. Tena madereva hunywa kahawa, labda hii hii yetu ya Mbozi, wakidhani imefukuza usingizi. Kahawa huuficha tu kwa muda, deni hubaki. Afadhali aegeshe gari mahali pa salama alale dakika 20, ingawa tajiri wake huenda akamwita mvivu.

Tukarudi kwa kijana wetu, tukamwuliza siku ile alishinda wapi. Akasema alichuma kahawa tangu asubuhi hata jua kuchwa, katika mashamba ya watu walewale waliomshitaki, kisha jioni wakampa rungu na tochi. Aliwaambia macho ni mazito. Wakamjibu ajikaze. Hapo baraza lilinyamaza. Tulipomwuliza mmoja wa wenye mali kwa nini hawakukumbuka kazi ya mchana ule, alikuna kichwa, akasema, "Wazee wangu, tulipitiwa."

Hatukumfutia kijana yote. Mwenzake alikuwa amelala nyumba ya jirani, angeweza kumwamsha ashike zamu, naye hakufanya hivyo kwa sababu aliona haya. Tuliamua alipe gunia moja kwa kazi ya mikono, na lile la pili liwe hasara ya wenye mali. Mmoja wao hakuridhika, na hata leo salamu yake kwetu ni fupi. Lakini mavuno yaliyofuata walinzi waliwekwa wawili kwa zamu, na aliyechuma mchana hakulinda usiku.