Askari, deni na zawadi

Je, mutu akiisha kupigania inchi yake mara moja, deni lake limekwisha ao bado? Tuangalie askari wa kawaida wa Australia. Katika vita ya kwanza ya dunia (1914-1918), wale waliotumwa ng'ambo walikuwa watu wa kujitolea. Mara mbili, 1916 na 1917, raia waliulizwa kwa kura kama watu walazimishwe, wakakatala. Zaidi ya askari 60,000 walikufa, kule Gallipoli, Ufaransa na kwingine. Hata hivi, vita ilipoanza tena 1939, wazee wengine waliopona ile ya kwanza walirudi kujiandikisha. Wengine walipunguza miaka yao, juu serikali ilitafuta vijana.

Sisi tunasema: mara ya pili hakuna anayeweza kudai. Anayerudi analeta zawadi, hapana deni. Njo maana deni linabaki kwa wale wanaoipokea. Wenyeji weusi wa Australia walipigana pia, lakini kisha vita ya kwanza wengi wao walinyimwa mashamba yaliyogawiwa askari. Mbele ya kumwita mutu mara ya pili, inchi iangalie kama ya kwanza ililipwa.