Tumbo na Mdomo



Jumapili iliyopita, baada ya Misa, vijana wawili nusura washikane mashati hapa Nyasho. Mmoja anasema, "Chama kimejenga shule, kimeleta maji, unataka nini tena?" Mwenzake anajibu, "Na sauti yangu je?" Bibi mmoja wa jumuiya yetu akasimama, akawatazama. "Kwani wajukuu zangu, Mungu kawaumba na tumbo bila mdomo?" Akaenda zake. Swali lake limenikaa mpaka leo.

Tuanzie nyumbani. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapahapa Musoma, ikatoa Azimio la Musoma: elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo mwaka 1977. Kwa nchi maskini, lile lilikuwa jambo kubwa sana. Lakini mwaka huohuo watu walikuwa wanahamishiwa vijijini kwa amri, mkoa wetu wa Mara ukiwemo, na katika baadhi ya sehemu za nchi nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Nia ilikuwa njema: wakae pamoja wapate shule, zahanati na maji. Ila asiyetaka alikuwa na pa kusemea? Sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi ilikuwepo tangu 1962, na haki za raia ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984.

Nasema haya nikimheshimu sana Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, ambaye Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Kumpenda mtu siyo kufumba macho.

Wala si mambo ya zamani tu. Mwaka 2016, chini ya CCM, elimu bila ada ilifika hadi kidato cha nne. Mwaka huohuo mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa, mpaka Januari 2023. Mtoto kapewa nafasi darasani, baba yake kaambiwa anyamaze.

Na wapinzani nao wasikwepe mtihani. Chama kinachodai haki kila siku lazima kimwambie mama muuza dagaa pale Mwigobero atapata wapi mtaji. Uhuru peke yake haujazi sufuria.

Kuna atakayesema, "Mwenye njaa ale kwanza, haki baadaye." Nilikuwa nawaza hivyohivyo. Lakini dawa zikikosekana zahanati, nani atasema kama kusema ni kosa? Na mwenye njaa naye, kura yake si hununuliwa kwa kanga na kofia? Sauti inalinda mkate, na mkate unalinda sauti. Ukiondoa kimoja, cha pili hakichukui muda.

Ndiyo maana Papa Yohane XXIII, katika waraka wa Pacem in Terris wa mwaka 1963, alitaja haki ya chakula, makazi na matibabu pamoja na haki ya kutoa maoni na kushiriki mambo ya nchi. Hakusema tuchague. Na Mungu mwenyewe? Waisraeli walipoona njaa jangwani walitamani kurudi kwenye vyungu vya nyama vya Misri, yaani utumwani. Hakuwarudisha kwa Farao, wala hakuwaacha wafe njaa kwa kuwa wako huru. Aliwapa mana wakiwa huru.

Kijana mwenzangu, uwe na kadi ya chama chochote, au huna. Wiki hii kiulize chama unachokipenda maswali mawili: maskini wamepata nini kwako? Na anayekupinga unamfanyaje? Anza na chako, siyo cha jirani. Hapo ndipo pagumu, na hapo ndipo dhamiri inapofanya kazi.

Ee Bwana, utupe mkate wetu wa kila siku, na moyo wa kusema kweli bila chuki. Amina.