Kujitolea na Kumtoa Mwenzako
Debian, mfumo huria wa kompyuta, huliita toleo lake lisilo thabiti Sid, jina la yule mtoto wa filamu ya Toy Story anayeharibu vitu vya kuchezea. Nilijua. Bado nikalisakinisha kwenye laptopu tunayotumia mimi na dadangu. Wiki ya pili nikasasisha, skrini ikawa giza tupu, na insha yake ya chuo imo humo ndani.

Nikajitetea: tukingoja sote toleo thabiti, nani atagundua hitilafu? Si lazima mtu aonje kabla chakula hakijapakuliwa?

“Sawa,” akasema, “lakini mbona ulinionjesha mimi bila kuniuliza?”

Usiku niliiwasha kwa flashi, nikaiokoa insha. Nimebaki na swali lake. Kujitolea ni kujitoa wewe; kumtoa mwenzako ni kafara.