Kikao cha Simu Kina Adabu Zake



Aprili 2020, korona ilipofanya serikali ya Kenya ifunge njia za kuingia na kutoka Kilifi, waliotaka biashara iendelee walibakiwa na simu. Njia zilifunguliwa, lakini faida ya kukutana kwa simu bado ipo. Mkulima wa maembe wa Kakuyuni, huko Kilifi, aweza kupatana na mnunuzi wa Mombasa bila kutoa nauli.

Hata hivyo, simu haina uso. Humuoni anayetikisa kichwa wala aliyenuna. Kwa hiyo kikao cha simu chataka maandalizi zaidi kuliko kile cha chini ya mwembe.

Wajulishe wenzako mapema: saa ngapi, mambo gani mawili matatu, nani ataongoza, nani ataandika. Kila mmoja achaji simu, atafute pahali penye mtandao. Mwenyekiti aite watu kwa majina, hasa yule mama aliyenyamaza, kwa kuwa kimya chake huenda si ridhaa. Labda laini imekatika, labda ana neno zito. Ikitajwa bei, irudiwe: embe aina gani, ngowe au boribo, kilo ngapi, shilingi ngapi, gari laja lini. Mwisho, maamuzi yasomwe, kisha yatumwe kwa ujumbe siku hiyo hiyo. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu yangu, muda wa wenzako ni mali yao. Leo, kabla ya kuwapigia, andika kwanza unachotaka muamue.